Mkono wangu hauachi kutafuta, na sasa umekuta kitu

Shangazi,

Shikamoo. Nasoma safu yako siku zote kimyakimya, sikudhani kwamba na mimi ningefika mahali pa kukuandikia. Nina miaka 36, nimeolewa, nina watoto wawili, na mkubwa ni binti wa miaka 14. Ili unielewe inabidi nianze na dada yangu.

Dada yangu mkubwa aligundulika kuwa na saratani ya titi akiwa na miaka 43. Aliyeona wa kwanza ni yeye mwenyewe: chuchu ya kushoto ilianza kuingia ndani, akasema labda ni umri, labda ni kunyonyesha. Alinyamaza kwa miezi mingi. Alipokuja kwenda hospitali, saratani ilikuwa imeshafika kwenye tezi za kwapani. Aliondolewa titi, akapewa tibakemikali na mionzi, na leo tunamshukuru Mungu yupo na anafanya kazi zake. Ila mimi niliyekuwa nikimwogesha na kumbadilishia nguo wakati ule sijarudi nilivyokuwa.

Tangu hapo najipima matiti. Mwanzoni ilikuwa mara moja kwa mwezi kama vipeperushi vinavyosema. Baadaye kila wiki. Sasa ni kila usiku, na hata kazini naingia chooni, nafunga mlango, naingiza mkono ndani ya sidiria. Nabonyeza mpaka panauma, halafu yale maumivu yananitisha, nabonyeza tena. Mume wangu ni mtu mpole, lakini juzi alisema, "Siku hizi nikikukumbatia unashtuka kama daktari amekugusa." Iliniuma kwa sababu ni kweli. Sitaki anishike. Naogopa asije akakuta kitu ambacho mimi sijakikuta.

Hospitali nimeshakwenda na hofu zangu. Nimepigwa picha ya ultrasaundi, nikaambiwa ni mabadiliko ya homoni. Nikarudi wakati mwingine, nikaambiwa ni kifuko kidogo cha maji kisicho na madhara. Mara ya mwisho muuguzi aliponiona mlangoni alicheka: "Wewe tena? Kansa yako iko kichwani." Alisema kwa utani, na wagonjwa waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Nilitoka pale nimeapa sirudi.

Sasa shida yenyewe. Titi la kulia, juu, upande wa kwapa, kuna kitu. Vile vya zamani vilikuwa vinakuja na kuondoka. Hiki nilikikuta kabla ya siku zangu, nikajiambia kitaondoka zikiisha. Zikaisha, kipo. Zikaja nyingine zikaisha, bado kipo. Hakiumi. Ni kigumu kiasi, ukubwa wake kama ncha ya kidole changu cha mwisho. Nimemwambia mama peke yake, naye akanijibu, "Mwanangu, ugonjwa ukiutafuta sana unakuja. Acha kujichokonoa."

Na kuna jambo jingine linanichanganya. Nimesoma kwamba siku hizi wataalamu wenyewe hawawahimizi wanawake kujipima. Je, nimejitesa bure? Niache kabisa? Na nikienda na hiki halafu nikaambiwa tena si kitu, uso wangu nitauweka wapi? Halafu huyu binti yangu, nimfundishe kujipima au nitampa hofu yangu?

Nisaidie, shangazi.

Mimi, Asiyetulia

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa dada, na pole kwako pia, maana anayeuguza huugua kivyake na mara nyingi hakuna anayemuuliza hali.

Umeniletea mambo mawili yaliyofungwa kwenye kitambaa kimoja, nami naomba niyafungue. Kuna mkono usiotulia, huo ni mzigo wa siku nyingi. Na kuna hiki kivimbe cha titi la kulia. Kwa sababu mkono umekudanganya mara kadhaa, sasa unataka kukitia kivimbe hiki kwenye kapu moja na zile hofu za zamani. Nikisoma unavyokieleza, hakifanani nazo, na wewe mwenyewe ndivyo ulivyoniandikia.

Kabla sijafika huko, nikurudishe kwa dada yako. Inaonekana umejifunza kwake kwamba asiyejichunguza huchelewa. Hebu isome tena hadithi yako mwenyewe. Dada aliona. Chuchu iliyokuwa wazi ikaanza kuingia ndani ni moja ya dalili ambazo daktari yeyote angetaka kuzisikia, na aliiona kwa macho bila kubonyeza popote. Kilichomchelewesha ni ile miezi baada ya kuona. Wewe umejenga ulinzi wako wote kwenye kutafuta, usiku na mchana. Sasa umepata, na umenyamaza. Yeye alijipa sababu ya umri na kunyonyesha, wewe una sababu ya muuguzi aliyecheka. Sikusemi, mwanangu. Nakuonyesha tu mahali mlipokutana.

Hayo uliyoyasoma kuhusu wataalamu ni kweli, lakini yana maelezo. Mjini Shanghai, nchini China, kati ya 1989 na 1991 waliandikishwa wanawake wapatao 266,000 waliokuwa wakifanya kazi katika viwanda vya nguo. Nusu yao walifundishwa kujipima kwa utaratibu, wakafanyishwa mazoezi na kukumbushwa mara kwa mara. Nusu nyingine hawakufundishwa. Walifuatiliwa kwa takriban miaka kumi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002: waliokufa kwa saratani ya titi katika kundi lililofundishwa walikuwa 135, na katika kundi jingine 131. Hakuna tofauti. Kilichotofautiana ni vivimbe visivyo saratani, ambavyo kwa waliofundishwa viligunduliwa karibu maradufu, na kila kimoja kina hofu yake, vipimo vyake, pengine na kisu chake. Ndiyo maana mwaka 2009 jopo la Marekani linalotoa miongozo ya kinga lilishauri madaktari wasiwafundishe wanawake kujipima, na mwaka 2015 Jumuiya ya Saratani ya Marekani nayo ikaacha kupendekeza upimaji huo wa ratiba kwa wanawake wasio na hatari kubwa.

Ila usilisome hilo kana kwamba wamesema titi lisiguswe. Wale wanawake wasiofundishwa hawakuwa vipofu. Wakioga, wakivaa, waligundua mabadiliko yao wenyewe na wakaenda kutibiwa. Duniani kote saratani nyingi za titi bado huanza kuonwa na mwenye titi au mwenza wake, hasa pale ambapo mamogramu, yaani picha ya eksirei ya titi, ni adimu. Wataalamu walichokiacha ni ibada ya kila mwezi yenye kanuni na majuto. Kulijua titi lako lilivyo kawaida, na kusema mapema likibadilika, hilo hawajaliacha. Shirika la Afya Duniani lina mpango ulioanza mwaka 2021 ambao mojawapo ya malengo yake ni kwamba mtu akishafika na dalili, vipimo vyake vikamilike ndani ya siku 60. Ona mkazo ulipowekwa: kwenye muda unaopita baada ya dalili kuonekana.

Kwa hiyo kuacha kabisa au kuendelea kila usiku? Sioni kama ni lazima uchague kati ya hayo mawili. Ukiacha kabisa kwa hasira, utapoteza ile hali ya kulijua titi lako, na wewe mwenye dada aliyeugua huna sababu ya kuitupa. Ukiendelea kila usiku utapoteza kitu kilekile kwa njia nyingine. Titi la mwanamke anayepata hedhi hujaa na kulegea kila mwezi, huwa na mabonge madogo madogo, na huuma likibonyezwabonyezwa. Anayelishika kila siku hawezi kujua lipi ni badiliko na lipi ni mwezi tu unapita. Mkono wako haujakosa bidii. Umezidiwa na habari.

Wapo wanaotulia wakijiwekea siku moja: siku chache baada ya hedhi kwisha, titi likiwa limelegea. Unasimama mbele ya kioo, mikono chini, kisha juu, kisha kiunoni, unaangalia tu umbo na ngozi. Halafu unalala chali, mkono mmoja nyuma ya kichwa, na kwa sehemu laini za vidole vitatu vya kati unapitia kwa miduara midogo, kwanza kwa wepesi, kisha kwa kiasi, kisha kwa kina, kuanzia mtulinga, ule mfupa ulio chini ya shingo, hadi chini ya titi, na kutoka katikati ya kifua hadi kwapani. Dakika chache zinatosha. Unachotafuta ni kipya na kinachobaki: uvimbe au unene uliojitenga, ngozi iliyobonyea au iliyopata vishimo kama ganda la chungwa, chuchu iliyogeuka, ukurutu kwenye chuchu usiopona, majimaji au damu inayotoka yenyewe, wekundu na joto, tezi iliyovimba kwapani. Wengine hata siku hiyo moja huwageukia kuwa mateso. Hao ni afadhali wamwachie daktari mikono, wao wabaki na kioo na sabuni ya kuogea. Utajua uko kundi gani ukijaribu mwezi au miwili. Ila ile safari ya chooni kazini ningekuomba uiache kwanza kabla ya zote, kwa sababu pale huchunguzi, pale unatafuta nafuu ya dakika tano.

Tuje sasa kwenye kivimbe. Hakiumi, kiko mahali pamoja, na hedhi zaidi ya moja zimepita bila kukiondoa. Sitakuambia ni nini, na kidole chako hakiwezi kukuambia pia. Katika umri wako, vivimbe vingi vinavyopelekwa kwa daktari huwa si saratani. Kuna fibroadenoma, kitu cha mviringo kinachoteleza chini ya kidole. Kuna vifuko vya maji. Kuna mafuta yaliyoumia. Sehemu ya juu kuelekea kwapani ndiyo yenye nyama nyingi ya titi, hivyo vitu vya kila aina hupatikana hapo, vya heri na vya shari. Na kutouma hakukulaani wala hakukuokoi. Ndiyo maana kinahitaji mikono ya daktari, picha, na ikibidi sindano.

Najua unaweza kungoja hedhi moja zaidi. Watu hufanya hivyo, na kwa kivimbe kilichoonekana jana usiku, kabla ya siku zako, hata daktari angeweza kukuambia ungoje. Lakini kungoja kulikoruhusiwa umeshakumaliza. Hatari ya kungoja tena ni dhahiri. Hatari ya kwenda ni kwamba unaweza kuchekwa, unaweza kupimwa kitu kisicho na maana, unaweza kukosa usingizi ukisubiri majibu. Zote ni za kweli, sizidharau. Ninachokuomba ni uziweke mbili hizi mezani pamoja uzitazame, maana kwenye barua yako umeieleza aibu kwa kirefu na kivimbe kwa mistari michache. Mimi ningefurahi kusikia umekwenda wiki hii.

Ultrasaundi ya mwanzo haikitolei ushahidi kivimbe ambacho hakikuwepo. Hata picha ya leo ikionekana safi na kivimbe bado kinashikika, una haki ya kuuliza kinachofuata ni nini, kwa sababu picha peke yake haifungi mjadala wa kitu kinachoguswa. Kwa wanawake wa umri wako wenye titi la nyama nyingi kuliko mafuta, ultrasaundi mara nyingi huona zaidi kuliko mamogramu, na wakati mwingine hufanywa zote mbili. Wakitaka kuchukua kinyama kwa sindano, huweka ganzi kwanza. Na ile hofu inayozunguka mitaani, kwamba sindano ikigusa uvimbe saratani hulipuka mwili mzima, haina msingi. Imewachelewesha wengi.

Ukifika usianze kwa kuomba radhi. Wengi wenu mnaingia chumbani na "samahani daktari, mimi huwa na wasiwasi sana", na daktari anaanza kukutibu wasiwasi. Sema hivi: nina kivimbe kipya titi la kulia, juu upande wa kwapa, hakiumi, hakijaondoka baada ya hedhi, na dada yangu wa tumbo moja alipata saratani ya titi akiwa na miaka 43. Kisha nyamaza, umwache afanye kazi yake. Kama ile hospitali imekutia doa moyoni, nenda nyingine. Ukirudi ileile, nenda na mume wako akae kwenye benchi. Yule muuguzi alikosea, hata kama alitania, na wala si kazi yako kuibeba aibu yake. Kliniki ya matiti ingekuwa inafanya kazi vibaya kama kila anayeingia angetoka na saratani.

Kuhusu dada pia kuna la kuuliza. Kuwa na mama, dada au binti aliyeugua huongeza hatari karibu mara mbili ya mwanamke mwingine, na dada aliugua mapema. Madaktari wengi hupendelea ndugu wa karibu aanze uchunguzi wa mamogramu miaka kumi kabla ya umri ambao mgonjwa aligundulika. Kwa hesabu hiyo, wewe mazungumzo hayo umeshafika umri wake. Muulize dada kama aliwahi kupimwa jeni za BRCA1 na BRCA2, ambazo zikirithiwa zikiwa na kasoro huongeza sana hatari ya saratani ya titi. Kipimo hicho hueleza zaidi kikianzia kwa aliyeugua, na kikikuta kitu kwake ndipo wengine mnapimwa mkijua mnatafuta nini. Jeni hizo hupita kwa baba sawasawa na kwa mama, kwa hiyo ulizeni na shangazi zenu halisi. Saratani nyingi za titi hazirithiwi hivyo, na inawezekana kwenu ikawa si hivyo. Lakini ukiwa na ratiba ya daktari mkononi, yenye tarehe, mkono wako hautakuwa mlinzi peke yake usiku kucha. Nadhani hapo ndipo nafuu yako nyingi ilipo, kuliko kwenye ushauri wa kuacha au kuendelea.

Na kama hata baada ya majibu mazuri mkono hautulii, tafuta mtaalamu wa saikolojia. Wasiwasi wa ugonjwa unaotokana na kumwona mtu wako akiumwa hutibika kwa mazungumzo ya mpangilio. Anayekwenda huko hajawa mwendawazimu, na haina maana kwamba kivimbe kilikuwa cha kubuni. Mtu anaweza kuwa na wasiwasi uliopita kiasi na akawa na kivimbe cha kweli, vyote kwa siku moja.

Mama yako sitamsema vibaya. Ameshamwona binti mmoja akinyolewa nywele na dawa. Anajaribu kuuzuia mlango kwa maneno kwa sababu hana kingine. Hulazimiki kubishana naye. Mwambie majibu yakitoka. Mume wako ni habari nyingine: yeye hajui kwa nini unashtuka akikukumbatia, na asiyejua hujaza mwenyewe. Sijui ndoa yenu ilivyo ndani, utapima mwenyewe. Ila mwanamume aliyesema lile neno kwa upole kiasi kile nadhani anaweza kusikia neno "nimekuta kitu, naogopa".

Binti wa miaka 14 hahitaji kufundishwa kutafuta saratani. Katika umri wake ni nadra mno, titi lenyewe bado linakua, mara nyingi moja linatangulia jingine, na ukimpa vidole vitatu na miduara atakuta "uvimbe" kila wiki. Anachohitaji ni kujua kwamba tofauti hizo ni za kawaida, kwamba akiwa mtu mzima ataweza kulijua titi lake bila hofu, na kwamba akiwa na jambo lolote mwilini anaweza kukuambia bila kufokewa. Huenda anajua zaidi ya unavyodhani. Nyumba ni ndogo na mlango wa bafu hausikiki na wewe peke yako. Akikuuliza unakwenda wapi siku hiyo, mwambie unakwenda kuonwa titi. Na majibu yakitoka, yoyote yatakayokuwa, niandikie.